Manunuzi ya alfajiri yanaandikwa tarehe ya jana: tusake komiti iliyoharibu kwa git bisect

NyotaYaZiwa (Kigoma)

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mwanga hapa Kigoma, natunza mfumo wa manunuzi ya dagaa wa mteja mmoja anayenunua mwaloni Kibirizi. Karani wake anakaa pale na kishikwambi na kaprinta ka risiti. Mitumbwi ikifika anahesabu mabeseni, anaandika jina la mtumbwi, anachapa risiti, mvuvi anaipeleka kwa mhasibu anachukua chake. Mfumo umeandikwa kwa JavaScript juu ya Node, kodi yote ipo kwenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko.

Tatizo ni ripoti ya siku kutolingana na daftari. Mtumbwi ulioshusha tarehe 14 saa 11 alfajiri, risiti ya karatasi inasema hivyohivyo, tarehe 14 saa 11. Ukifungua ripoti, mzigo huohuo upo tarehe 13. Wanaoshusha kuanzia saa 12 asubuhi na kuendelea hawana shida yoyote.

Kilichotuchanganya muda mrefu ni kwamba ugonjwa wenyewe unapotea halafu unarudi. Karani ndiye aliyenifumbua macho: siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti kitu. Hakuna mzigo wa alfajiri, ripoti inatulia. Giza likirudi, na bagi imerudi.

Toleo v1.4 lilikuwa zima, ripoti zake mhasibu alizifunga bila neno. La sasa ni bovu. Katikati kuna komiti (mabadiliko yaliyowekwa kwenye historia ya Git) zinazokaribia 200 za watu watatu tofauti. Nimepiga `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliguswa mwisho na nani na lini, kwenye faili la ripoti, mistari yote ni ya zamani kuliko tatizo. Nasikia kuna kitu kinaitwa `git bisect`. Anayekijua anishike mkono hatua kwa hatua, tafadhali msinitupie linki.

Karai_Tupu

Niko siti ya mbele, karanga ninazo.

MshikajiWaGungu (Kigoma)

Hiyo ni UTC, yaani majira ya kimataifa, wala usihangaike. Seva yenu ipo nje, sisi huku tupo saa tatu mbele. Rekebisha majira ya seva ulale.

Mzee_wa_Isevya (Tabora)

Mwangaluka wana jukwaa.

Mshikaji, piga hesabu kabla ya kuandika dawa. Saa 11 alfajiri ukitoa saa tatu unapata saa 8 usiku, bado ni tarehe ileile. UTC ingewagusa wa saa 6 usiku mpaka saa 9 basi. Huyu binti anasema mpaka wake upo saa 12 asubuhi kamili. Hapo panapungua saa sita, siyo tatu, na saa sita ndiyo tofauti kati ya saa tunayosema na saa iliyomo ndani ya kompyuta. NyotaYaZiwa, kuna mahali mnabadilisha muda kwenda saa ya Kiswahili?

NyotaYaZiwa

Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, risiti inachapwa kwa saa ya Kiswahili, kuna fanksheni inaitwa `saaYaRisiti`. Lakini hiyo ipo tangu v1.0 na haijaguswa. v1.4 walikuwa nayo vilevile na ripoti zilikuwa sawa.

Mzee_wa_Isevya

Marahaba. Basi hapo ndipo bisect inapofaa: unaye unayemshuku, lakini ana ushahidi kwamba hajabanduka mahali pake.

Chukulia umetumiwa kifurushi kwa treni toka Dar, Kigoma hakijafika. Huanzi kupigia simu kila stesheni kuanzia Pugu. Unauliza Tabora kwanza. Kama Tabora kilionekana, Morogoro na Dodoma unazisahau, unauliza Kaliua au Uvinza. Kila jibu moja linafuta nusu ya njia. Komiti 200 unazimaliza kwa maswali manane hivi, na zikiwa 1,000 ni kama kumi. Toleo moja la Linux mara nyingi lina komiti zaidi ya 10,000, na huko nako ni hatua kumi na nne tu. Linus Torvalds aliianza Git mwaka 2005 kwa ajili ya mradi huohuo wa Linux, na bisect ilikuwemo tangu mwaka huo. Siyo kitu cha juzi.

Sasa fanya hivi. Kwanza `git status`. Kama una kazi hujaikomiti, iweke pembeni kwa `git stash`, kwa sababu Git itakuwa inakurusha nyuma na mbele kwenye historia. Kisha:

```
git bisect start --term-old sawa --term-new imehama
git bisect imehama
git bisect sawa v1.4
```

Kawaida maneno yake ni `good` na `bad`, lakini unaruhusiwa kuweka ya kwako, na mimi nakushauri uyaweke. Ukifika hatua ya tano umechoka, swali "hii ni mbovu?" linaanza kuyumba. Programu ya zamani ina mabovu yake mengine mengi, kitufe kimepinda, rangi mbaya, unajikuta unaandika `bad` kwa sababu ya kitufe. Ukilazimika kuandika `imehama`, unajibu jambo moja tu: tarehe imehama au haijahama.

Git itakuweka kwenye komiti ya katikati. Usishtuke ikikuambia HEAD (alama ya pale ulipo kwenye historia) imejitenga na tawi, ndivyo inavyofanya kazi. Jaribu mfumo, jibu `git bisect sawa` au `git bisect imehama`, itakuruka tena. Ukimaliza, `git bisect reset` inakurudisha ulipotoka.

DogoWaUjiji

Bro naomba kuuliza, kwa nini asisome tu komiti moja moja kwa `git log`? 200 siyo nyingi, jioni moja tu.

Mzee_wa_Isevya

Mjukuu wangu, kusoma kunafaa kama unajua sura ya unachokitafuta. Kama angejua ni neno gani limeongezwa au limetolewa, ningemwambia apige `git log -S` na hilo neno, akamaliza kwa dakika moja. Hapa hajui. Ataisoma komiti yenyewe iliyoharibu na ataipita, kwa sababu itakuwa na sura ya heri tupu. Ngoja tuone.

NyotaYaZiwa

Nimeanza. Imenijibu kwamba zimebaki komiti 97 na hatua kama 7. Nimewasha mfumo, nimeingiza manunuzi, lakini sasa hivi ni saa 8 mchana, kwa hiyo tarehe haihami hata kwenye toleo bovu. Nirudishe saa ya laptopu nyuma hadi saa 11 alfajiri?

Mzee_wa_Isevya

Usiguse saa ya laptopu! Ukiichezea, Git yenyewe itaandika tarehe za ajabu kwenye komiti zako, vyeti vya tovuti vitakataa, na utasahau kuirudisha. Andika kiskripti kidogo kinachotuma manunuzi yenye muda uliokwisha kupangwa. Tarehe 14, saa 11 alfajiri, beseni moja, mtumbwi wa kubuni. Kisha kisome hiyohiyo rekodi toka kwenye hifadhidata na kukuambia tarehe iliyokaa mle.

Kiweke nje ya folda ya mradi. Ukikiweka ndani na kukikomiti, Git ikirudi nyuma kwenye komiti za kabla yake kitatoweka, maana wakati huo kilikuwa hakijazaliwa.

FundiBando

Na ukishakuwa na skripti, kwa nini ukae unajibu kwa mkono? Kuna `git bisect run`, unaipa skripti inajiendesha yenyewe mpaka mwisho huku wewe unakunywa chai.

Mzee_wa_Isevya

Kweli, ila ajibu hatua moja mbili kwa mkono kwanza aone kama skripti inasema ukweli. Kisha ndiyo aiachie. Na hapa ndipo wengi wanapopotea kwa hiyo nitakaa kidogo.

`git bisect run` haisomi maandishi ya skripti yako, inaangalia namba ya kutokea tu, yaani namba ambayo programu inaiacha ikimaliza kazi. Sifuri maana yake sawa. Kuanzia 1 hadi 127 maana yake imehama, isipokuwa 125. Hiyo 125 maana yake "hii siwezi kuipima, iruke", na ni sawa na wewe kuandika `git bisect skip` kwa mkono. Ikizidi 127, kazi nzima inasimama.

Sasa angalia mtego. Node ikipata kosa ambalo hujalidaka, inatoka na namba 1. Hifadhidata haijawashwa, 1. Faili limebadilishwa jina, 1. Moduli imekosekana, 1. Git itazisoma zote kama "imehama" na itakupeleka kwa ujasiri mkubwa kwenye komiti ya mtu aliyerekebisha herufi moja kwenye maelezo ya mradi. Ukiona matokeo ya namna hiyo, usigombane na mwenye komiti. Hoji skripti.

Kwa hiyo iandike hivi:

```
#!/bin/sh
npm ci --prefer-offline || exit 125
node ~/vipimo/alfajiri.js
```

Na ndani ya `alfajiri.js`, kila kitu kiwe ndani ya `try`. Ukidaka kosa lolote, `process.exit(125)`. Tarehe ikiwa 14, `process.exit(0)`. Tarehe ikiwa 13, na 13 tu, `process.exit(1)`. Ikiwa tarehe nyingine yoyote, 125 vilevile, kwa sababu huo ni ugonjwa mwingine ambao hatujauitia uzi.

Iendeshe kwa mkono kwenye v1.4 upate 0, na kwenye toleo la sasa upate 1. Ukikosa mojawapo, usiendelee.

FundiBando

Hapo kwenye `--prefer-offline` mzee umetutendea haki. Nimeshashuhudia bando la wiki likiyeyuka kwa `npm` (kisakinishi cha moduli za Node) kupakua vitu vilevile kila hatua.

Karai_Tupu

Mimi sijui hata JavaScript ila nauelewa huu uzi kama tamthilia. Endeleeni.

NyotaYaZiwa

Mrejesho. v1.4 inatoa 0, ya sasa inatoa 1. Nimejibu mbili kwa mkono, kisha nikaandika:

```
git bisect run sh ~/vipimo/jaribu.sh
```

Imejiendesha. Njiani kuna komiti mbili ilizokuta haziwaki kabisa, mtu alikuwa amesahau kuongeza faili, ikaziruka kwa ile 125. Mwishoni imetaja moja. Ujumbe wake unasema: "Chapa risiti kabla ya kuhifadhi ili mvuvi asisubiri mtandao." Mabadiliko yake ni haya tu:

```
-  await hifadhi(manunuzi);
   await chapaRisiti(manunuzi);
+  await hifadhi(manunuzi);
```

Wakuu mimi hapa nimegonga mwamba. Mstari umehamishwa chini, basi. Kuchapa kwanza na kuhifadhi baadaye kunahusiana nini na tarehe? Au skripti yangu imenidanganya?

MshikajiWaGungu

Skripti imekudanganya. Hiyo komiti haina kosa, na mimi ningeipitisha bila kupepesa macho.

Mzee_wa_Isevya

Kabla ya kumhukumu, thibitisha. Tengeneza tawi la muda toka toleo la sasa, piga `git revert` ya komiti hiyo moja, endesha kipimo. Ikitoa 0, bisect imesema kweli. Kisha tuwekee hapa hiyo `saaYaRisiti`.

NyotaYaZiwa

Nimeigeuza, imetoa 0. Fanksheni hii hapa:

```
function saaYaRisiti(muda) {
  muda.setHours(muda.getHours() - 6);
  return muda.getHours() % 12 || 12;
}
```

Zuhura_K (Tabora)

Samahanini nimechelewa uzi. Jibu lipo kwenye huo mstari wa pili. Kwenye JavaScript `setHours` haikupi tarehe mpya, inaibadilisha ileile uliyoishika. Dada ukiipa saa 11 alfajiri ya tarehe 14, inaivuta saa sita nyuma, inakuwa saa 5 usiku wa tarehe 13. Kwa kompyuta hiyo ni 23, ukigawa kwa 12 inabaki 11, kwa hiyo risiti inachapa "saa 11" na kila mtu anafurahi. Lakini tarehe iliyomo kwenye `manunuzi` tayari imeshahamia jana.

Zamani mlikuwa mnahifadhi kwanza, halafu risiti ndiyo inaiharibu tarehe ambayo haina kazi tena. Sasa risiti inaiharibu, halafu ndiyo mnahifadhi.

Na nadhani kwenye risiti mnaandika tarehe juu, saa chini? Ndiyo maana tarehe ya karatasi ni sahihi, ilichapwa kabla fanksheni haijaitwa.

NyotaYaZiwa

Tarehe ipo juu kabisa, chini ya jina la kampuni. Dada Zuhura, nimekaa chini.

DogoWaUjiji

Kwa hiyo mwenye kosa ni nani? Aliyeandika fanksheni ya saa au aliyehamisha mstari? Maana bisect imemtaja aliyehamisha.

MshikajiWaGungu

Aliyehamisha. Vitu vilikuwa vinafanya kazi, yeye kavigusa.

Zuhura_K

Hapana kaka. Aliyehamisha alikuwa na sababu nzuri, mtandao wa mwaloni unajulikana, na mtu mwenye karai kichwani hawezi kungoja seva ijibu. Fanksheni inayoitwa "saa ya risiti" mtu anatarajia isome muda, isiuguse. Ubovu ulikuwa umelala pale tangu v1.0.

Mzee_wa_Isevya

Bisect haijamtaja mwenye kosa. Imetaja siku tabia ya mfumo ilipobadilika. Swali uliloiuliza lilikuwa "tarehe ilianza kuhama lini", na imejibu hilo kikamilifu. Ukitaka kujua kwa nini, unasoma kodi kama alivyofanya Zuhura, ila sasa unasoma mistari mitatu badala ya komiti 200. Na ndiyo maana `git blame` haikufaa kitu: ilikuwa inaangalia faili la ripoti, na ripoti haijawahi kuwa na tatizo.

Kwa hiyo usirudishe mstari juu. Ukiurudisha, karani anarudi kusubiri mtandao, na ubovu unaendelea kulala ukingoja mwingine. Rekebisha fanksheni, ifanye kazi kwenye nakala:

```
function saaYaRisiti(muda) {
  return (muda.getHours() + 6) % 12 || 12;
}
```

Wala nakala yenyewe huihitaji. Kujumlisha sita au kutoa sita kwenye mduara wa 12 ni kulekule.

FundiBando

Mimi nina swali la pembeni. Kwetu kiongozi wa timu anataka kila kazi ya wiki ibanwe iwe komiti moja kabla ya kuingia tawi kuu. Hii bisect itatufaa?

Zuhura_K

Itawafaa kuwaambia ni wiki ipi. Kisha mtakaa na mistari elfu mbili mnaitazama. Hapa imekuwa rahisi kwa sababu yule bwana alihamisha mstari mmoja, akaukomiti peke yake na ujumbe unaoeleweka. Angeuchanganya na kazi nyingine tungekuwa bado tunabishana. Kama hamtaki kubana kila kitu, unganisheni matawi kwa komiti za muunganiko, halafu wakati wa kusaka anza na `git bisect start --first-parent`. Itapima miunganiko tu kwanza, haitaingia kwenye komiti za ndani ambazo nyingine haziwaki.

Karai_Tupu

Na ukijibu vibaya katikati? Umechoka, umeandika sawa kumbe imehama.

Zuhura_K

Historia ya majibu yako yote inatoka kwa `git bisect log`. Imwage kwenye faili, futa majibu kuanzia lile lililokosewa kwenda chini, `git bisect reset`, kisha `git bisect replay` na jina la faili. Unaendelea ulipoishia bila kurudia yote.

NyotaYaZiwa

Nimeweka marekebisho ya mzee. Kipimo cha alfajiri nimekihamishia kwenye majaribio ya mradi, kitakuwa kinaendeshwa kila mara mtu akituma kodi. Nimeongeza na cha saa 6 usiku kasorobo.

Kimebaki kitu kimoja ambacho mteja hatanielewa nisipokimaliza. Rekodi zilizokwisha kuingia vibaya nizirekebisheje? Wazo langu lilikuwa kusogeza tarehe za alfajiri mbele siku moja.

Zuhura_K

Usifanye hivyo. Fikiria vizuri, siyo za alfajiri tu zilizohama. Kila rekodi tangu toleo hilo imerudi nyuma saa sita. Ya saa 4 asubuhi imeandikwa saa 10 alfajiri, ila kwa kuwa ripoti inaonyesha tarehe tu, hakuna aliyeona. Ukisogeza siku zile zinazoonekana za usiku peke yake, za mchana zinabaki na uongo wake. Jaribu kuchapa upya risiti yoyote ya zamani ya saa 11 uone.

NyotaYaZiwa

Nimechapa. Inasema saa 5. Lahaula.

Zuhura_K

Unaona. Imevutwa mara mbili, mara moja wakati wa kuhifadhi, mara moja sasa. Hatua ni kuongeza saa sita kwenye rekodi zote zilizoathirika. Na hapo tarehe ya komiti isikudanganye: komiti iliandikwa siku moja, kishikwambi cha karani kikapata toleo siku nyingine kabisa. Je, hifadhidata ina safu inayojaza muda yenyewe rekodi ikiingia?

NyotaYaZiwa

Ipo, `iliingia`, inajazwa na hifadhidata, programu haiigusi.

Zuhura_K

Basi umeokoka. Linganisha `iliingia` na muda wa manunuzi, zote kwa majira yaleyale. Rekodi nzima zitakuwa na tofauti ya sekunde au dakika chache. Zilizohama zitakuwa na saa sita na kidogo. Chukua za kundi la pili tu, ongeza saa sita. Piga nakala ya hifadhidata kwanza, na fanya ndani ya muamala mmoja ili ukiona jumla haieleweki ugairi.

MshikajiWaGungu

Na zile zilizoingizwa bila mtandao zikatumwa mchana? Hizo tofauti itakuwa saa nane, tisa, hata siku nzima, na huwezi kujua ipi ilihama.

Zuhura_K

Swali zuri, nakubali. Hizo usizifanye kwa mkupuo. Zitoe kwenye orodha pembeni, karani akae na vishina vya risiti, tarehe na saa ya kwenye karatasi ndiyo ifuatwe, maana ya siku ile ilichapwa sahihi.

NyotaYaZiwa

Vishina vipo, amevifunga kwa mpira vimejaa boksi la chumvi ya Uvinza. Kesho asubuhi nashuka Kibirizi na laptopu tuanze navyo. Mzee Shikamoo tena, dada Zuhura asante sana, kaka Mshikaji nawe kwa hilo la mwisho.

Karai_Tupu

Ukienda Kibirizi nichukulie dagaa kilo mbili, nakutumia hela sasa hivi.